Jiko Lisilo na Dirisha

Mimba ya tatu Gesare hakumwambia mtu. Hata mumewe Ogeto aliipata habari hiyo kwa macho yake mwenyewe, siku mkewe alipokataa kujitwika kikapu cha majani chai akisema mgongo unamuuma, na mgongo wake haukuwahi kumuuma tangu waoane.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walisema kweli, lakini wahenga hao hawakuolewa Itumbe, wala hawakuzika watoto wawili nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Gesare alikuwa ameumwa mara mbili mahali pale pale.

Mke wa huku huitwa kwa jina la mtoto wake. Wanawake walioolewa mwaka mmoja na Gesare walikuwa na majina yao tayari, mama fulani na mama fulani, wakiitana kwa sauti kutoka shamba hadi shamba wakati wa kuchuma chai. Yeye alibaki Gesare. Wenye adabu walimwita mke wa Ogeto. Hakuna aliyekusudia kumuumiza, na kila mara aliumia.

Alitoka upande wa Nyamira, nyumba ya Wasabato, binti aliyemaliza kidato cha nne na kukosa karo ya kuendelea. Ogeto alimpata sokoni Nyakoe, kwenye kibanda chake cha viatu vya mitumba. Gesare alikuja kununua viatu vya kanisani, akaondoka na viatu na maneno matamu juu yake. Ogeto ni mtu wa kucheka, hajui kununa, na mwanamke aliyelelewa na baba mkali huona kicheko kama mali. Baada ya arusi akamleta nyumbani kwao Itumbe kwa mama yake, Nyanchoka. Yeye mwenyewe akawa anakaa Nyakoe siku za biashara na kurudi kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia.

Hakurudi mikono mitupu. Kila Ijumaa alishuka na gunia la soli. Viatu vilivyochakaa hata fundi akavikataa, Ogeto alivibandua soli za raba na kuzileta nyumbani ziwashie moto. Ukitaka kujua thamani ya zawadi hiyo, kaa Itumbe msimu wa mvua. Hapa mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kuni ni mikaratusi iliyokatwa mbichi, na ukiitia motoni hutoa povu nchani, ikalia, ikazimika. Lakini weka kipande cha soli chini yake. Soli huwaka kwa hasira, moto wake mwekundu na moshi wake mweusi tititi, na kuni zikitaka zisitake zitashika. Majirani walikuja kuomba kipande kimoja kimoja. Nyanchoka aliwagawia kwa madaha.

"Wengine wana wa kuwatumia barua," alikuwa akisema. "Mimi wangu ameniondolea machozi ya jikoni."

Jiko lenyewe lilikuwa kijumba cha udongo, mbali kidogo na nyumba kubwa, mafiga matatu katikati na juu yake utaa wa kukaushia wimbi. Lilikuwa na dirisha moja, tundu la kupitisha kichwa cha ndama, lililotazama njia ya kwenda kituo cha kuuzia majani chai. Kupitia tundu hilo, miaka minne kabla ya mimba hii ya tatu, jirani yao Nyanchera aliingiza uso wake, akamwona Gesare akisonga ugali wa wimbi, tumbo mbele.

"Hilo tumbo ni zuri," Nyanchera alisema. "Huyo ni mvulana."

Alikuwa mvulana kweli. Alikuja mwezi wa saba, na alipopimwa hospitalini hakufika kilo moja na robo. Aliishi siku mbili.

Nyanchera ana macho makubwa na ulimi wa kusifu. Hayo ndiyo makosa yake yote mawili. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumhesabia ndama mmoja aliyekufa baada ya kusifiwa naye, na sasa mtoto. Huku tuna neno la jicho la namna hiyo, ebibiriria, na halisemwi kwa sauti, hasa mbele ya mchungaji. Nyanchoka hakulisema pia. Gesare alipobeba mimba ya pili, mama mkwe alishuka mtoni, akachota udongo, akaukanda na samadi ya ng'ombe, akaliziba dirisha kwa mikono yake. Alilisawazisha vizuri sana. Kama hukujua, usingedhani palikuwa na dirisha pale.

Mtoto wa pili alikuwa msichana. Alifikisha miezi yake, karibu yote, akazaliwa mdogo kama wa miezi sita na hakulia. Nyanchoka alimwosha mwenyewe.

Kwa hiyo mimba ya tatu ilipofika mwezi wa nne na Nyanchoka akaitambua, hakuuliza swali. Kesho yake alirudi mtoni. Mara hii aliona kwamba kosa lake la kwanza lilikuwa uzembe: palibaki mwanya kati ya ukuta na mabati, mtu mrefu angeweza kuchungulia. Akauziba wote kuzunguka jiko, akaning'iniza gunia la mbolea nyuma ya mlango, ili hata mlango ukifunguliwa mtu asione ndani.

"Mokamwana," alimwambia, kwa maana ndivyo mama wa huku anavyomwita mke wa mwanawe, "chai nitachuma mimi. Wewe kaa jikoni. Humo hakuna anayekuona."

Gesare alikubali, tena kwa shukrani. Usimcheke. Alipendwa, na alijua alivyopendwa. Mama mkwe wa miaka sitini na mitatu alitoka alfajiri kwenye umande kuchuma majani ili yeye akae karibu na moto. Wangapi wana mama mkwe kama huyo?

Akakaa. Asubuhi uji, kisha chai, kisha maji ya kuoga, maharagwe ya mchana, maziwa, chakula cha jioni. Moshi ulipanda hadi kwenye mabati, ukakosa pa kwenda, ukashuka tena. Alizoea kuinama anapotembea jikoni kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Kichwa kilimwuma kila jioni. Alikohoa na kutema makohozi yenye rangi ya masizi. Hayo yote aliyaita mimba, na mwanamke aliyepoteza wawili hufurahia hata kichefuchefu, mradi kinampa habari kwamba bado kuna mtu ndani.

Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia alikwenda zahanati, amevaa sweta la Ogeto juu ya leso mbili, jua likiwaka. Muuguzi wa pale alikuwa Momanyi, kijana mpole ambaye kila mtu alimwita daktari naye alishachoka kuwakataza. Alimlaza, akamtandazia utepe wa kupimia tumboni. Akapima. Akapima tena. Kisha akakichukua kitabu chake cha kliniki na kurudi kurasa za nyuma.

"Mama, hii tumbo haitoshani na miezi," alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa hapa. Sasa imesonga kidogo tu. Unakula?"

"Nakula, daktari."

"Unavuta sigara?"

Gesare aliinuka nusu. Yeye, Msabato, binti wa shemasi. "Sivuti. Nyumbani kwetu hakuna mtu anavuta."

"Pole. Lazima niulize." Momanyi alivuta pumzi kupitia puani, akainama kidogo kuelekea kitambaa chake cha kichwa. "Unawasha moto na nini?"

"Kuni."

"Kuni pekee?"

Ndipo Gesare akasikia harufu yake mwenyewe. Alikuwa ameivaa kwa muda mrefu kiasi cha kuacha kuisikia. Pale penye dawa na sabuni, sweta, leso, nywele, vyote vilinuka raba iliyoungua. Akamweleza habari za soli. Akaulizwa juu ya dirisha, akaeleza hilo pia, lakini hakusema kwa nini lilizibwa. Alisema ni baridi.

Momanyi aliweka kitabu chini. Alimwambia kwa lugha rahisi kwamba moshi hauishii kifuani. Unaingia kwenye damu ya mama, na damu ndiyo inayompelekea mtoto hewa na chakula kupitia kondo la nyuma. Moshi ukizidi, mtoto anapata kidogo. Anakua polepole, au anatoka mapema, au anachoka. Moshi wa kuni una shida yake, na wa raba na plastiki ni sumu zaidi.

"Wale wawili," Gesare alisema. "Wale wawili wa kwanza, daktari."

"Siwezi kukuapia. Sikuwapima, na mtoto anaweza kupotea kwa sababu nyingi. Lakini huyu nimempima mimi. Huyu ananyimwa." Alimwambia atoke kwenye moshi leo, si kesho. Mtu mwingine apike, au apike nje. Na kila asubuhi ahesabu mtoto anavyocheza: mara kumi kabla ya saa sita. Zikipungua, asingoje.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita juu ya kilima mahali unapoliona bonde lote. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Kutoka kila jiko moshi ulikuwa ukitoka, juu ya nyasi, pembeni mwa mabati, madirishani, na Gesare alisimama akitafuta jiko la kwao. Alilipata kwa mti wa parachichi ulio kando yake. Alijua mama mkwe alikuwa amewasha moto tayari, kwa sababu alimwona uani akikata mboga. Lakini jiko halikutoa moshi hata kidogo. Wote ulikuwa ndani.

Akaogopa. Alikuwa amezoea kuogopa, lakini hofu ya zamani ilikuwa na uso, macho makubwa ya Nyanchera, na mtu aliweza kujificha isimwone. Hii ya sasa alikuwa akiivuta puani. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa kwenye majani ya kando ya njia, mkono tumboni, mpaka mtoto aliposukuma mara moja, kwa udhaifu, kama mtu anayegonga mlango wa wenyewe.

Sasa utauliza kwa nini hakwenda moja kwa moja akasema. Amwambie nani? Amwambie Nyanchoka kwamba udongo ule aliouchota kwa mikono yake huenda ndio uliomfungia mjukuu wa pili hewa? Mwanamke aliyemwosha yule mtoto? Amwambie Ogeto, mcheshi wake, kwamba zawadi ya kila Ijumaa, tangu Ijumaa ya kwanza ya ndoa yao, ndiyo hiyo? Kuna maneno ambayo ukiyasema nyumbani hayatoki tena, yanakaa mezani mnapokula. Na tena, tuseme ukweli, nusu ya moyo wake bado ilimwogopa Nyanchera. Daktari alisema hawezi kuapa. Je, kama yote mawili ni kweli? Je, akitoka kwenye moshi aangukie kwenye jicho?

Akachagua njia ya watu waoga, njia ya katikati. Gunia la soli alilificha katikati ya mashina ya chai. Mama mkwe akiuliza, alisema zimekwisha. Nyanchoka akiwa shambani, Gesare aliliinua gunia la mlangoni na kuliegemeza kwa fimbo, akapika akiwa amekaa kizingitini. Akisikia hatua njiani aliliangusha. Na kila asubuhi alitia punje kumi za mahindi katika mfuko wa kushoto wa sweta. Mtoto akicheza, punje moja ilihamia kulia. Siku nyingi zilihama zote kabla ya saa nne. Siku nyingine alifika saa sita akiwa ameishika ile ya mwisho vidoleni, anaiomba.

Hivyo ikapita karibu wiki moja, kisha ikaja Ijumaa.

Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato hupikwa chote kabla jua halijazama: wimbi, mboga ya chinsaga, maharagwe, kuku kama yupo, maji ya chai ya kutia kwenye chupa. Moto huwaka tangu mchana bila kupumzika. Ijumaa hiyo mvua ilianza saa nne. Punje sita zilikuwa zimehamia kulia. Ya saba ilikuwa bado.

Nyanchoka alirudi kutoka shambani mapema, amelowa, akamkuta mokamwana kizingitini akipuliza kuni zisizotaka, gunia la mlango juu na njia yote inamwona. Alilishusha gunia kimya kimya, akamshika Gesare kiwiko, akamwingiza ndani. Wakati huo huo Ogeto alifika, mvua ikimchuruzika usoni, anacheka, gunia jipya begani.

"Nimesikia mmeishiwa," alisema. "Hizi ni za viatu vya jeshi. Zitawaka mpaka Jumatatu."

Nyanchoka alitia tatu kwa pamoja. Moto ukaruka. Moshi ukapanda, ukagonga mabati, ukashuka.

"Mama," Gesare alisema, "tuache mlango wazi kidogo."

"Nyanchera yuko njiani. Nimempita sasa hivi."

"Kidogo tu."

"Mwanangu, umebakiza wiki chache. Vumilia. Usiniharibie kazi yangu sasa."

Nyanchoka alitoka kumchinja kuku. Gesare alibaki akikoroga maharagwe. Ungeweza kusema angetoka tu, mlango haukuwa na kufuli. Lakini mtu aliyeambiwa vumilia kwa upendo hushindwa kuinuka. Macho yalimwaga maji. Kichwa kilianza kugonga. Alitia mkono mfukoni, mfuko wa kushoto, akazishika punje nne. Alingoja. Alikunywa maji baridi kikombe kizima, kama alivyofundishwa kliniki, akalala ubavu wa kushoto kwenye mkeka, ambapo moshi ni mwepesi. Alijiminya tumbo kwa vidole. Alimwita. Hakuwa na jina la kumwita, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa, akamwita wewe. Wewe. Wewe.

Hakuna kitu.

Hajui alikaa hivyo muda gani. Anachokumbuka ni kwamba yule mtoto wa pili alikuwa ameacha kucheza siku kama hiyo, mahali hapo hapo, naye siku ile alijiambia amelala.

Aliinuka. Gunia lilimkwama kichwani, akalivuta likaanguka lote pamoja na msumari wake. Akatoka uani, mvuani, sweta ameliacha mkekani, gauni limemganda mwilini, tumbo lake dogo likionekana na kila mwenye macho. Na mwenye macho alikuwapo. Nyanchera alikuwa amesimama njiani na kikapu cha majani mgongoni, hatua kumi hivi.

Nyanchoka aliacha kuku na kisu. "Rudi ndani," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Gesare, anakutazama. Rudi ndani."

"Mtoto hachezi."

"Rudi ndani, mwanangu, nakuomba."

"Mama, hachezi."

Aliyesogea wa kwanza ni Nyanchera. Alitua kikapu kwenye matope, majani ya siku nzima yakamwagika, akaja akamshika Gesare chini ya kwapa. Aliweka kiganja tumboni kwake. Nyanchoka alitoa sauti kama aliyechomwa.

"Ogeto," Nyanchera alisema, "piga simu pikipiki ije. Usisimame hapo."

Ogeto, aliyekuwa mlangoni mwa nyumba kubwa bila kicheko kwa mara ya kwanza labda tangu azaliwe, alitoa simu akapiga.

Pale zahanati, Momanyi aliweka chombo chake tumboni na kusikiliza. Gesare alitazama uso wake, hakutazama kitu kingine. Mapigo yalikuwepo. Yalikuwa ya taratibu mno. Momanyi alipiga simu, gari la wagonjwa likaja, na njia nzima ya kwenda Kisii Gesare aliwekewa hewa puani, akaivuta kwa pupa, ili mwingine naye apate. Hospitalini walimpeleka upasuaji bila kuuliza mengi. Nje, kwenye benchi, Nyanchoka alikaa na miguu yenye matope na damu ya kuku kwenye vidole, jua linazama, Sabato inaingia, na nyumbani kwake hakuna sufuria iliyoiva, mara ya kwanza katika miaka arobaini.

Alikuwa msichana. Kilo moja na nusu na kidogo. Alilia, si sana, kilio cha paka aliyefungiwa, lakini wote waliokuwa mle walikisikia.

Siku ya tatu walimruhusu Gesare kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso, kichwa chake kikubwa kuliko ngumi kwa kiasi kidogo tu. Kila pumzi ya mtoto aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akangoja inayofuata. Nyanchoka aliketi kando ya kitanda. Alikuwa ameoga, amevaa nguo ya kanisani.

"Alimshika," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwekea mkono tumboni, mbele ya macho yangu. Nimeomba usiku na mchana."

Gesare alijua kwamba ni sasa au basi. "Mama, si Nyanchera."

Akamwambia yote: utepe wa kupimia, swali la sigara, soli, damu, kondo la nyuma, punje za mahindi. Alimwambia juu ya kilima na lile jiko lisilotoa moshi. Alisema akimtazama mtoto, hakuweza kusema akimtazama mkubwa. Nyanchoka alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, aliyoikunjua mapajani.

"Na yule wa pili?" aliuliza mwishowe.

"Daktari alisema hawezi kuapa."

"Sikukuuliza daktari alisema nini."

Mtoto alipumua, akatulia, wote wawili wakashtuka na kumwinamia, akapumua tena. Nyanchoka alisimama, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaenda zake. Hakurudi hospitalini wiki zote tatu walizolazwa. Ogeto alikuja kila siku, na kila alipoulizwa mama yuko wapi, alisema yuko nyumbani, anafanya kazi, hasemi na mtu. Soli alikuwa amezipeleka kwa mshona viatu, gunia zima, azifanyie anavyojua. Alilisema hilo akiwa amegeukia ukutani.

Gesare aliogopa kurudi. Aliogopa wimbi, maharagwe, mvua, Ijumaa. Mtoto alikuwa amefika kilo mbili, na kilo mbili si ukuta. Waliposhuka kwenye gari na kukata kona ya parachichi, alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika.

Jiko lilikuwa limebomolewa. Si dirisha, si mwanya wa juu: ukuta mzima ulioelekea njiani haukuwapo. Udongo wake ulikuwa umerundikwa kando, na jembe juu yake. Zilibaki nguzo, mabati, na mafiga matatu yakionekana na dunia nzima, na kuni zilizopasuliwa vizuri zimepangwa juani. Nyanchoka alikuwa ameketi hapo akipika uji. Moshi mwepesi wa kuni kavu ulipita pembeni yake na kwenda zake bondeni. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Kuni zimekauka," alisema. Hakuongeza neno.

Alimpokea mtoto, akamlaza kwenye mikono yake, akamtazama. Walikuwa wamempa jina la marehemu mama wa Nyanchoka, Bosibori, na Nyanchoka hakuwa amelitamka bado. Ndipo wakasikia hatua njiani. Nyanchera alikuwa akipandisha kutoka kituo, kikapu kitupu mgongoni. Alisimama mbali, mahali penye heshima, akatazama chini. Bila shaka alikuwa anajua siku zote kwa nini dirisha lile lilizibwa. Kijiji hakina siri ya namna hiyo.

"Mama Bosibori," aliita. "Mmefika salama?"

Ilimchukua Gesare muda kutambua kwamba anayeitwa ni yeye.

Mkono wa Nyanchoka ulikwisha kuinuka wenyewe na kushika upindo wa leso, kuushusha juu ya uso wa mtoto. Gesare aliuona, na akajua kwamba mama mkwe hajaacha kuamini hata chembe. Anaogopa leo kama alivyoogopa siku ile alipokwenda mtoni kuchota udongo. Naye mwenyewe moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Upindo ulifika kwenye paji la uso. Ukasimama hapo. Kisha Nyanchoka akaurudisha nyuma, akamfunua mtoto mpaka shingoni.

"Njoo umwone," alimwambia Nyanchera.

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka vibaya. Gesare aliisogeza yake chini ya ile ya mama mkwe, asije mtoto akaanguka, wakamngoja Nyanchera afike.